Kijiti cha Mpini wa Mwiko

Somo yangu mpenzi,

Amani ya Mola ikufikie huko ulikotangulia, na kaburi lako alijaze nuru. Leo alfajiri, sijakunja hata mswala, mlango umegongwa. Alikuwa binti wa Bi Tima, mamake Salma. Ameketi kitandani kwangu bila kukaribishwa, akaniambia, "Rukia, mtoto anaolewa mwezi ukiandama. Kasema hataki somo mwingine wa kumfunda ila wewe."

Mimi, Somo. Mimi niliyeishia darasa la sita. Nimewaza nani wa kumwambia kwanza, nikaona si mume wangu wala si dada zangu, ni wewe.

Naam, Bi Tima yule yule, shangazi wa mume wangu. Najua ungalikuwapo ungalicheka mpaka ushike mbavu.

Wakumbuka ulivyonipokea uani kwako Malindi, mwishoni mwa miaka ya themanini, siku zile za kusingwa kabla ya harusi yangu? Wasichana wenzangu walikuwa wakitia nywele dawa ya kalikiti, wakilowesha mito ya watu. Zangu zilifika kiunoni, na mimi sikujua la kuzifanya ila mkia mmoja wa kusuka. Ukaniketisha mkekani, ukakaa nyuma yangu, ukanipa kile kijiti. Ulikuwa mpini wa mwiko wako uliovunjikia kwenye sima. Mumeo aliuchonga ncha, nawe ukausugua kwa msasa na mafuta mpaka ukawa laini kama kokwa ya tende.

"Kusanya," ukasema. "Sokota kama unakamua nguo. Zungusha, lakini chini, shingoni. Si utosini, hatutaki nundu la ngamia. Sasa chomeka ukingoni, ukamate na nywele za kichwani, pindua, shindilia."

Nilichomeka nikajidunga. Nikakuuliza kwa nini tusitumie pini kama watu.

"Wewe unakwenda kuwa mke wa mtu, majosho yatakuwa mengi. Pini hizo utazitafuta mpaka sala ya alfajiri ikupite."

Nikajifunika uso kwa leso, nawe ukaendelea kuchana kama mtu aliyesema habari za mvua.

Ikaja siku ya kupambwa. Bibi harusi wa siku hizi anacheza, anapiga picha na kila mtu. Zamani zetu alikuwa sanamu. Macho chini, mikono juu ya magoti hina ionekane, hasemi, hacheki, hajigusi. Akitikisika ataambiwa hana haya, na neno hilo ataishi nalo ukweni mpaka azeeke. Mimi nilikuwa wa kuja, nikiolewa Mambrui kwenye nyumba ya watu wasionijua, na siku ile ndiyo waliyokuwa wakinipima.

Mama yangu, kwa mapenzi yake, alinipaka mafuta ya nazi yenye asumini asubuhi. Baada ya adhuhuri akarudia. Kisha dada yake mama akapita, akasema mbona zimekauka, akamimina. Ulipokuja kunifunga ukazishika, ukajitazama viganja, halafu ukasema, "Mmemkaanga mwari wangu."

Ulinifunga hivyo hivyo. Tukaenda.

Ua wa wakwe ulijaa wanawake, udi umetanda, vikuba vya asumini kila kifua. Nikawekwa juu ya kiti. Sijui nilikaa muda gani, mara nikakisikia kijiti kinashuka. Kidogo, kikatulia. Kidogo tena. Nilitaka kuinua mkono, na mkono haukuwa wangu. Nilitaka kukuita, na sauti nayo haikuwa yangu. Nikabana shingo tu, nikisoma kila dua niliyoijua.

Bi Tima akaona. Alikuwa haoni mambo mengine yule, lakini kasoro haimpiti.

"Mashoga, mbona kichwa cha bibi harusi kinayeyuka? Za dukani hizo, zimeshikizwa." Akasogea. "Na hiki ni nini? Maskini, kaja na mwiko. Kwao walidhani huku hatuna?"

Ua mzima ukacheka. Nilimsikia mama yangu akivuta pumzi kama aliyeungua. Machozi yakanijaa, nayo hayakuruhusiwa kutoka, maana yangeharibu wanja.

Ukaja, Somo. Hukukimbia. Nilizitambua nyayo zako kabla hujafika.

"Bi Tima, sogea karibu, huko mbali macho yanadanganya." Ukakichomoa kijiti. Nywele zikaniporomoka mgongoni mpaka kwenye kiti. "Haya, vuta. Vuta uone kama zitakubaki mkononi."

Akavuta. Wallahi alivuta kweli, si kwa mchezo, na mimi sikupepesa jicho. Akaziachia.

Ukavua leso yako mpya uliyojitanda, ile ya sare ya harusi, ukaanza kunifuta. Fungu moja baada ya jingine, bila haraka, watu wote wanangoja, mpaka leso ikalowa mafuta ikawa haifai tena. Kisha ukasokota, ukazungusha, ukachomeka, ukapindua, ukashindilia. Kikakaa. Nilikisikia kimekaa kama mlango uliotiwa komeo.

Vigelegele vikapigwa mpaka upande wa wanaume wakauliza kuna nini.

"Na mwiko?" Bi Tima akasema, hajakubali kushindwa.

"Mwiko ni wangu. Huyu anajua kupika. Utakula mpaka umpende."

Aliyecheka kwanza alikuwa yeye. Midomo yangu ikataka kufunguka, nawe ukanifinya mgongoni mbele ya kadamnasi, na hakuna aliyeona.

Hili sijui kama nilikueleza lote. Fungate haijaisha, Bi Tima akaingia chumbani kwangu, akafunga mlango kwanza, akavua mtandio. Nywele zake zilikuwa chache, nyembamba kama za mtoto. "Nifundishe," akasema, "na usimwambie mtu." Nikamfundisha. Mikono ilipoanza kumtetemeka nikawa namfunga mimi, kila asubuhi, mpaka siku aliyotutoka. Mjukuu wake alikuwa akikaa mlangoni akitutazama, na huyo ndiye anayenitaka leo.

Nina furaha, Somo, nina furaha na woga umo ndani yake. Salma anaolewa Malindi, kwa watu asiowajua. Usoni watampamba wa saluni, nywele kasema ni zangu. Mamake nimeshamwambia, mafuta mara moja tu, na chupa itakaa kwangu. Ameniahidi, lakini mamake mtu namjua.

Yako mengi ningependa kukuuliza. Jinsi ya kumwambia ya chumbani bila kumtisha. Kama nawe moyo ulikudunda uliponikalisha mara ya kwanza, maana mikono yako sikuisikia ikitetemeka hata kidogo.

Nimekatizwa hapa. Salma ameingia, kavua buibui, kaketi mkekani na kunipa mgongo, nywele kazifungua mwenyewe. Ananiuliza, "Somo, tuanze?"

Hajawahi mtu kuniita hivyo. Nimemwambia, "Ngoja mwanangu, namuaga somo yangu."

Mola akulaze pema, na akutangulizie kila jema ulilonitendea.

Ni mimi, mwari wako,
Rukia