Shangazi wa Kukodi

Jumapili, 10 Desemba
Kaka Lule alikuja baada ya ibada. Hakugusa hata chai. Alizunguka weee, mwisho akatoboa: siku ya kwanjula, wakwe watakapokuja kujitambulisha, shangazi wa Nakasujja atakuwa mwanamke wa kampuni ya sherehe. Binti yake ndivyo anavyotaka. Eti wenzake wa Toronto watatazama moja kwa moja kwenye simu, na yule mama anaijua kamera. Mimi nitakaa mstari wa mbele. Nitabasamu.
Dada pekee wa baba yake nipo hai, na meno yangu yote!

Jumatano, 13 Desemba
Nimepanga hoja. Moja: Nakasujja nimemfunda mimi, likizo tatu, hapa hapa kwangu. Mbili: mchumba wake Kisitu aliletwa kwangu Juni, kabla baba mkwe hajamwona. Alikaa kwenye mkeka huu, akamwaga chai. Namjua. Tatu — ya tatu ni hasira tu.
Nimempigia Nakasujja. Kasema nisikasirike, huko nje kila kazi ina wataalamu wake. Nikamuuliza kama na bwana atakodi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 15 Desemba
Mtaalamu kaja kufanya mazoezi. Gomesi, vazi lake la sherehe, linameta, kucha kama za mwewe. Kaniomba nisogeze kiti, kinaharibu picha. Nikasogeza. Najilaumu mpaka sasa.

Jumamosi, 16 Desemba, saa tisa mchana
Naandika jikoni, nyuma ya masufuria ya matoke.
Shangazi ndiye huingia kati ya wageni akamtoa bwana harusi. Wanaume arobaini, kanzu nyeupe, makoti meusi, wote sawa. Yule mwanamke kapita akidemka, kamera nyuma yake, kamshika mkono mdogo wa Kisitu. Kampeleka hadi mbele ya kaka. Kambandika ua!
Wageni walicheka. Msemaji wao kasimama: "Binti huyu hana shangazi? Basi ni wa nani?" Hawaingizi hata kikapu kimoja cha zawadi mpaka shangazi wa kweli atokee.
Kaka katuma watu mara mbili. Nimejibu kwamba niko mstari wa nyuma.
Sasa kaja Nakasujja mwenyewe. Kapiga magoti kwenye majivu, na mavazi yale.
"Shangazi, nitolee mume wangu."
Simu imo mkononi, Toronto inatazama. Nimemwambia aizime kwanza.
Ameitazama simu. Amenitazama mimi. Kidole kiko juu ya kioo —