Ujumbe Niliouchelewesha Hewani

Mpendwa baba,

Leo sianzi na shikamoo. Utaelewa kwa nini.

Miaka ile ya Ujamaa nilishika redio ya uwanja mdogo wa ndege hapa Sumbawanga, nawe ulikuwa kituo cha pili, ng'ambo ya milima. Ulinifundisha mwenyewe: "Hewani mimi si baba yako, ni ndugu. Sema jambo kwanza." Nilicheka. Mtoto gani wa Kifipa anamkabili baba yake bila kumwamkia?

Mchana ule ndege moja iliondoka kwangu na mama mjamzito aliyezidiwa, nyingine ikija kutoka kwako. Rubani wangu akasema, "Naiona, nitaipita kulia." Nikamruhusu aikwepe kwa macho yake. Kabla hajaingia eneo lako, nilipaswa kukuambia kwamba ni macho tu yanayozitenganisha, na mbele kuna wingu, ili umwonye rubani wako.

Nikabonyeza kitufe. "Shikamoo, baba."

Redio ya kati yetu ilikuwa imetengenezwa siku hiyo baada ya kuharibika wiki tatu, na muda wote huo hukuwa umenisikia. "Marahaba, mwanangu! Mama yako kapona? Ulezi mmeshavuna?" Ningekukatizaje? Nikajibu moja moja, kwa adabu, huku wingu likiimeza ndege yangu. Nilipofika kwenye jambo lenyewe, marubani walikuwa wanapiga kelele. Walipishana karibu mno. Mmoja aliapa kwamba aliziona ndevu za mwenzake. Hakufa mtu. Yule mama alijifungua salama.

Wakubwa walipokuja kuuliza, ukasema, "Binti aliniarifu mapema. Mimi ndiye niliyesahau." Nilikuwa nimeketi palepale. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Ukaachishwa kazi, ukarudi kwetu Malangali kulima, nami nikabaki na redio yangu. Tulikula ugali pamoja miaka yote ile, hukulitaja hata siku moja. Mwoga mimi, sikukushukuru wala sikukiri.

Ulizikwa watu wakikuita yule aliyesahau. Hilo ndilo linaloniandama. Mawingu yakitanda, nasikia ngurumo ya ndege mbili, kisha moja inakatika ghafla. Natoka uani kuangalia. Hakuna kitu. Majirani wanadhani uzee umenivuruga.

Jana niliwakusanya wanao, wajukuu na majirani hao hao, nikawasomea barua hii hadi hapo. Dada alilia, kisha akanigeuzia mgongo. Ni haki yake.

Basi jambo kwanza, kama ulivyonifundisha: hukusahau kitu, baba. Mimi ndiye niliyechelewa.

Sasa naweza.

Shikamoo, baba.

Binti yako wa redio