Kadi ya Rama na Mabati ya Waridi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla masika hayajaingia, kwani mume wangu Rama, msimamizi wa jikoni katika hoteli moja ya Bamburi, tangu benki impe kadi ya mkopo hawezi kusikia jirani akitamani kitu akanyamaza, Jumwa wa nyumba ya pili akitaka blanketi Rama humwambia, "Nipe hizo pesa dada, mimi nitakulipia kwa kadi," na pesa za Jumwa huzileta nyumbani tukanunulia samaki na nazi, maana dukani hapa Mjambere kadi haipokelewi, nami wallahi nilifurahi nikidhani mshahara umeongezwa, mpaka juzi benki ilipodai shilingi elfu sita, na riba juu yake kila mwezi. Rama alikaa jamvini akasema, "Mama watoto, zile za mabati si unazo?" Ninazo, elfu saba, nimeziweka kabatini miaka miwili kwa kuuza mahamri ili tuondoe makuti yanayovuja, na mume wangu nampenda, hajanipandishia sauti hata siku moja, zamani kila Alhamisi aliniletea kikuba cha asumini na rihani, lakini nikimpa tutaloa na nikimnyima ataaibika. Nifanyeje?

Waridi, Mjambere, Kisauni

Waridi, mumeo ni mwema, wala hakuiba. Lakini pesa za Jumwa zilikuwa za benki tangu zilipomtoka mkononi, nanyi mkazila na wali. Nawe ulikula, usijifanye mgeni. Mbona hukuuliza huo mshahara umeongezwa na nani?

Toa za mabati, mlipe. Najua zinauma. Ila deni linakua kila mwezi, na pesa zako kabatini hazikui. Nendeni benki wote wawili. Usimpe azipeleke peke yake, maana njiani kuna majirani.

Kisha kadi ifungwe kwenye pindo la leso yako. Itoke kwa kitu kilichomo katika bajeti yenu tu, na pesa za thamani yake mzitenge siku hiyo hiyo. Mwezi ukiisha ilipwe yote, si nusu. Jirani akija, Rama aseme, "Kadi anayo mama watoto." Hataaibika, waume wengi hapa Pwani wamejificha nyuma ya wake zao kwa mambo madogo kuliko hilo.

Zitakazobaki nunua makuti ya upande unaovuja. Mabati ni mwakani, inshallah.

Na mwambie Alhamisi arudi na kikuba. Wauza vikuba hawapokei kadi.