Wakwe wa Naipanoi Wanakuja Jumamosi

Jumatatu, 4 Agosti
Naipanoi anaolewa! Naandika ndiyo niamini. Naipanoi wetu—aliletwa hapa children's home akiwa na miaka minne, amekumbatia kibuyu cha maziwa na hataki kukiachilia. Sasa ni nesi, miaka ishirini na sita. Leo ametoka kazini na yunifomu, akanivuta store katikati ya magunia ya maharagwe.

"Anti Kalunde, kuna mtu."

Mtu gani? Anaitwa Leshan, mwalimu, kwao ni Kona Baridi. Wazee wake wanakuja Jumamosi kumposa. Nikauliza wanamposa wapi. Akashangaa.

"Hapa. Si hapa ndiyo nyumbani?"

Nimeunguza githeri yote ya jioni. Hakuna aliyelalamika.

Jumanne, 5 Agosti
Baba ya Leshan amempigia Mchungaji Muthama, mkurugenzi wetu. Anauliza bibi harusi ana ndugu wangapi, ndiyo walete soda za kutosha. Mchungaji akasema thelathini na nne. Mzee akacheka, kicheko kikubwa mpaka Mchungaji akatoa simu kwa sikio.

Watoto wamepagawa. Wanapaka mawe ya getini chokaa, na nusu ya chokaa iko kwa nywele zao. Linda, miaka saba, ameandaa maswali ya bwana harusi. Anaomba kabla ya kula? Anakoroma?

Alhamisi, 7 Agosti
Kwa maombi ya asubuhi Mchungaji ameuliza Jumamosi nani atakaa kiti cha mama ya bibi harusi. Naipanoi alikuwa amepita kabla ya shift. Hakungoja.

"Anti Kalunde."

Makofi! Mimi nikaangalia dari kama mtu anatafuta buibui. Miaka ishirini na tatu nalea watoto hapa, na hakuna hata mmoja niliyemzaa. Daktari wa Machakos aliniambia mapema nisingoje mtoto. Nikalia mpaka machozi yakaisha, nikadhani yameisha kabisa. Kumbe! Leo nimelia nikicheka, hadi Zipporah wa jikoni akauliza kama ni kitunguu.

Nimenunua dress sokoni Noonkopir. Zambarau! Inanibana. Nitapumua Jumapili.

Ijumaa, 8 Agosti
Mchungaji anasema lazima tumwambie Saning'o wa Bisil, baba mdogo wa Naipanoi. Ndiye alimleta hapa baada ya wazazi kufariki. Akaweka kidole gumba kwa fomu, akaenda. Hajawahi kurudi, hata siku ya graduation.

Naipanoi akasema, "Mpigieni, lakini mimi siongei." Saning'o amejibu "nimesikia, sawa." Basi.

Nimeomba gari limharibikie njiani. Nikatubu. Nikaomba tena—pancha tu, kitu kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti
Niko store, nimejifungia.

Wamefika! Wazee sita wa mashuka mekundu, kina mama na shanga zao, pickup imejaa soda. Watoto wameimba mpaka mbwa wakajibu. Linda amemuuliza Leshan mbele ya watu wote kama anakoroma. Leshan akasema, sana. Amepita!

Halafu Saning'o, getini. Peke yake. Nilimkumbuka kijana mrefu mwenye hasira. Aliyeingia ni mzee, fimbo mkononi, viatu vumbi tupu. Naipanoi akaangalia chini. Mbele kulikuwa na viti viwili, cha baba amekaa Mchungaji, cha mama mimi. Mchungaji akasimama, akampa chake. Nikajua sasa ni zamu yangu kufukuzwa. Sikungoja niambiwe. Nikasema naenda kuangalia chai, nikakimbia. Dress ikapasuka kwapani kraa!

Dirishani nasikia kila kitu. Mzee wa Kona Baridi ameuliza, mama ya msichana yuko wapi? Watoto kimya. Thelathini na nne, na kimya! Wote, hata Naipanoi, wanangoja mwenye damu yake ajibu. Nasikia kiti kinasukumwa.

Sasa kuna fimbo inatembea kwa simiti. Inapita jikoni. Zipporah anasema "yuko huku." Ee Bwana, Zipporah!

Imesimama. Mtu anabisha hodi, pole pole kama mgeni.

"Mama Naipanoi," anaita. "Toka. Bila wewe mimi nitawaambia nini hawa watu? Huyu mtoto simjui."

Ni Saning'o. Bado sijafungua. Mkono mmoja unaandika, mwingine unashikilia kwapa, na komeo linataka mkono wa tatu. Basi, naweka kalamu.