Programu Isiyoamkia Wazee

Jumanne, Dongobesh

Imekubali! Programu yangu imesasisha akaunti zote za wanachama kwenye tovuti ya ushirika wetu wa wakulima, yenyewe, mimi nakunywa chai! Na nilivyokuwa naumia macho nikibadilisha moja moja…

Halafu Mzee Tluway, mwenyekiti wetu, akapiga simu kwa hasira. "Nimepata ujumbe kwamba akaunti yangu imebadilishwa. Hata shikamoo hakuna! Nani kailea hiyo programu?"

Mimi. Niliogopa ataamuru tuizime.

Nikaiagiza upya: kila aliyenizidi umri aamkiwe kwanza. Ikatuma ujumbe tena, safari hii ukianza na shikamoo.

Jioni mzee akajibu. Siyo kwangu, kwa programu yenyewe: "Marahaba, mwanangu. Endelea na kazi."