Umesema Mtasindikizwa

Saint-Gilles, Brussels
Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Bakari,

Marahaba ya ile shikamoo uliyoniachia kwenye simu. Unakumbuka shuleni tulivyofundishwa kuanza barua: mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Tuliandika tu, ilimradi mwalimu aweke alama ya vema. Leo naiandika nikimaanisha neno kwa neno. Mimi ni mzima, Bakari. Hofu ni kwako.

Presha ya mama imekaaje? Na goti lake? Wifi yangu Rehema ameacha kutapika, au mimba bado inamsumbua? Usinijibu "wote wazima" kama kawaida yako, nijibu mmoja mmoja. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako unaisikilizia kwa spika kama redio ya kijiweni, na haya sitaki mama ayasikie. Anayekuletea ni Mwajuma, ninayeswali naye hapa, anakuja Tanga kwenye harusi ya kwao. Mpe maji baridi, na usimchoshe na maswali ya Ulaya.

Sasa nisikilize. Ujumbe wako wa kazi mpya ya melini niliusikiliza nikiwa kwenye metro naenda kazini. Unacheka, unasema: "Dada, punguza presha. Ni kweli njia ile meli zinarushiwa makombora, lakini sisi tutasindikizwa. Manowari mbele, manowari nyuma." Nikapitiliza kituo changu. Wewe neno hilo limekutuliza. Mimi limenitia baridi, kwa sababu mzee ninayemtunza hapa, kazi yake ya ujanani ilikuwa hiyohiyo ya kusindikiza.

Nilishakutajia Mzee Firmin, Mbelgiji wangu wa Auderghem, aliyevuka miaka mia na bado anagombana na redio. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitorokea Uingereza, akawa ofisa kwenye manowari ndogo zilizosindikiza misafara ya meli za mizigo kuvuka Atlantiki. Baada ya vita akaenda Kongo, akafanya kazi miaka mingi bandarini Kalemie, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake. Kiswahili gani sasa! Siku ya kwanza aliniambia, "Maman, leta mayi, funga mulango, alafu ikala," yaani nikae. Nikajiuliza nimeajiriwa au nimekamatwa. Lakini tumezoeana. Mimi namsahihisha, naye ananiambia Kiswahili changu ni cha kanisani, mimi binti wa maalim!

Sebuleni kwake kuna picha ya meli yake, na medali ndani ya kioo. Binti yake, Madame Odile, ambaye mwenyewe ni bibi wa miaka sabini na kitu, wageni wakija anawasimulia kwa Kifaransa: baba alizilinda meli, meli zikafika, watu wakapata mkate. Yote ni kweli. Mzee akisikiliza hutazama vidole vyake tu.

Siku moja nikimenya viazi mbele yake nilimuuliza kama meli zile walizifikisha mpaka mwisho. Akatikisa kichwa. "Non, maman. Tunafika katikati, mazout inapunguka, donc tunarudia. Bengine banakuya kubapokea. Siku ingine banachelewa." Kumbe mafuta yakipungua wanageuza, na mwenye kupokea asipofika ndiyo hivyo tena. Lakini hata kwetu, Bakari, mtu akikusindikiza hafiki nawe kwako. Anakutoa mpaka barabarani, mnapeana mikono, anageuka akale chakula chake kabla hakijapoa, na njia iliyobaki ni yako peke yako. Wala hakuna anayemlaumu. Kusindikiza ndiko huko.

Hayo ningeyameza. Ya Jumanne ndiyo yaliyonishinda.

Upepo ulikuwa mkali siku hiyo. Dirisha lake linatazama msitu, na miti yote ilikuwa inayumba na kuvuma. Nilibandika birika la chai, lile lenye filimbi, nikachelewa kuliepua. Likapiga. Niliporudi sebuleni nilimkuta mzee amesimama. Mtu ambaye tangu baridi ianze hainuki bila mimi na mkongojo wake, yuko dirishani, ameng'ang'ania pazia.

"Beko mu mayi," akasema, yaani wako majini. "Banapiga filimbi. Unabaona?"

Nilidhani namtuliza. Nikasema, "Hapana, papa, sioni mtu."

Akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtu mzima. "Haubaone? Alors bamezama! Bote bamezama!" Akanikamata mkono, kucha zikaingia. Niliogopa, sikufichi. Na katika kulia kule akanieleza. Majaketi yao ya kuelea yalikuwa na filimbi, na kijitaa chekundu begani, ili aliye majini aonekane. Meli moja ya mizigo ilipigwa, watu wakawa majini, na nyambizi ya adui ilikuwa bado palepale chini. Manowari ikisimama, nayo inapigwa. Kwa hiyo amri ilikuwa wasisimame. Yeye ndiye aliyekuwa zamu, na yeye ndiye aliyempa mshika usukani neno la kuendelea. "Nilipita katikati yabo, maman. Ordre ilikuwa kupita, nikapita." Mmoja wao aliinua mkono kama mtu anayesimamisha basi. Alidhani wamekuja kwa ajili yake.

Madame Odile alikuwa ameshaingia, yuko mlangoni na koti lake. Kiswahili hajui hata neno. Akaniuliza kwa Kifaransa, baba anasema nini? Ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote hii mzee hajawahi kulisema jambo hili kwa lugha ya watoto wake. Nikamjibu kwamba anaulizia chai yake.

Mzee akanigeukia, sauti imeshuka. "Maman, balipanda?"

Nikamwambia walipanda, papa. Wote. Meli iliyokuwa nyuma iliwaokota, wamepewa mablanketi, wanakunywa kitu cha moto. Nilikuwa nimemshika mkono. Akakaa, akanywa chai yake, na mpaka leo hajaligusia tena.

Utasema nimefanya wema. Huenda. Lakini tangu siku hiyo sina raha, na si kwa ajili ya mzee. Ni kwa jinsi uongo ule ulivyonitoka: bila kukwama, kwa sauti tamu, na mablanketi nikayaongeza mwenyewe. Nawaza siku ambayo mtu wa kampuni yenu, na suti yake, atakaa kwenye mkeka wa mama.

Nakuomba usipande meli hiyo. Sema dada amekaa Ulaya amekuwa mwoga, sema utakavyo. Utaniambia wenzako wote wanaenda; nami nawaombea wafike salama. Ile kazi ya matishari ya kushushia mizigo hapo bandarini uliyoicheka bado ipo, mjomba aliniambia. Mtoto wako akizaliwa hatauliza baba ana meli kubwa kiasi gani.

Mama mpe shikamoo yangu, mwambie nimeandika kuuliza hali tu. Wifi mwambie alale mchana, vyombo uvioshe wewe. Msalimie mjomba Saidi, fundi cherehani wetu, sketi aliyonishonea hapa wananisimamisha njiani kuiulizia. Na shangazi wa Ngamiani, asiyesalimiwa akanyamaza, msalimie mara mbili.

Na kama hutanisikia, nifanyie hili moja. Siku ya kutia sahihi, mbele ya wenzako, muulize anayewaandika kazi: mtu akiwa majini, nani anasimama? Akikuna kichwa, akababaika, akasema hajui, huenda umekutana na mtu mkweli. Lakini akikujibu upesi, kwa upole, na mkono akakushika, rudi nyumbani mdogo wangu. Sauti hiyo naijua. Niliitumia Jumanne.

Dada yako anayekuogopea,
Zuhura