Wino wa Chupa Mia Mbili

Jericho, Nairobi
11 Machi 1979

Dada yangu Beldina,

Pokea salamu zangu, na za Selpher na watoto. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe mkorofi, bado anampiga teke kila anayemkama? Sisi huku tu wazima kiasi, ila mimi nimechoka, dada. Nimechoka kabisa, ndiyo maana nimekaa miezi mitatu bila kukuandikia.

Kazi yangu unaijua, kuandika kwa mkono majina ya watu kwenye vyeti pale kwenye kiwanda cha uchapaji. Mwezi jana mkubwa wetu aliletewa kutoka ng'ambo wino maalum wa zambarau. Zimetengenezwa chupa mia mbili tu, basi. Akanikabidhi moja, akaniambia niujaribu kwenye karatasi za kila aina, nimweleze ni ipi inayoupokea vizuri, maana kuna vyeti vya heshima vya kuandikwa.

Nilifurahi kama mtoto. Nikaosha peni, nikatia nibu mpya, nikaanza na karatasi nyepesi ya barua za ndege. Wino ukatawanyika, kila herufi ikaota manyoya. Karatasi ya daftari la shule, vile vile. Ya kaki ya kufungia sukari sikuilaumu, hiyo hunywa wino wowote. Lakini hata ile nene ya vyeti! Wiki nzima niliandika jina lako tu, Beldina, Beldina, na kila mara linavimba.

Basi nikaenda kwa mkubwa nikamwambia wazi kwamba ametapeliwa. Akaudhika, akamwita Njoki, msichana wa taipu, atazame karatasi zangu. Njoki akasema anaona herufi safi, ila kwenye kaki tu ndipo zimetawanyika. Nilimfokea mbele ya watu wote, ati mtu wa mashine anajua nini kuhusu nibu. Aibu gani hiyo!

Nilizibeba karatasi mpaka nyumbani, nikamwonyesha Selpher mlangoni, jua likiwaka. Alizitazama moja moja. Kisha akasema mistari ni myembamba kama uzi, akaniuliza nimeanza lini kuona hivyo.

Dada, wino hauna kosa. Ni macho yangu. Daktari amesema ni ugonjwa ule ule wa Baba, na haurudi nyuma. Mkubwa naye amenipa mpaka mwisho wa mwezi, ameshapata mtu wa kukalia kiti changu.

Sasa niseme lile ambalo limenikaa kooni. Ulipoandika kwamba Baba haoni, niliwaambia watu hapa Jericho kwamba mzee anajifanya, anataka kubembelezwa. Ukamshika mkono miaka saba, chooni, shambani, kanisani, na kila uliponiita nilijibu kwamba nina kazi. Haikuwa kazi. Niliogopa kumtazama. Hata mazishini nilifika jioni, nikaondoka asubuhi, na wewe hukuniuliza kitu. Afadhali ungeniuliza. Nisamehe, dada yangu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Mama usimwambie bado. Ukiamua kunisamehe au kunikemea, tafadhali andika kwa herufi kubwa, nisome mwenyewe, nisisomewe na watoto.

Ni mimi nduguyo,
Patrobas Mulama